Mama anampa mwanangu dawa ya mafua kwa siri, nimwambie mke wangu?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanaume mwenye mke na mtoto mmoja wa kiume wa miaka miwili na nusu. Tunaishi na mama yangu mzazi, naye ndiye anayebaki na mtoto jioni wakati mimi na mke wangu bado tuko kazini. Nakuandikia kwa sababu nimebeba jambo ambalo siwezi kulisema kwa yeyote kati yao bila nyumba kuwaka.

Tangu mtoto aanze chekechea, mafua hayambanduki. Yanaanza na chafya na makamasi mepesi kama maji. Usiku pua inaziba, analala mdomo wazi na kukoroma kama mtu mzima. Baadaye makamasi yanakuwa mazito, ya njano halafu ya kijani, na kikohozi kinabaki hata baada ya mengine yote kuisha. Tukidhani tumepumua, anarudi na mapya. Mara ya kwanza tulimpeleka kwa daktari, akamsikiliza kifua, akamtazama masikio na koo, akasema ni mafua ya kawaida: tumpe vinywaji vya kutosha, parasetamoli homa ikimsumbua, na tusubiri. Mke wangu aliyashika maneno hayo kama yalivyo. Mafua yakija anamtia matone ya maji ya chumvi puani, anamfuta, anasema, "Yatapita."

Mama hakubaliani kabisa. Anasema mtoto anakohoa na sisi tumekaa tunamtazama. Kwake makamasi ya kijani ni usaha, na usaha dawa yake ni antibayotiki. Tena kuna ugomvi wa soksi: mke wangu anamwacha mtoto akimbie peku, na mama anasema baridi ya sakafu ndiyo inayompandia kifuani. Lakini kuna jambo ambalo mke wangu analijua juu juu tu. Mama alifiwa na mtoto wake wa pili, mdogo wangu, kwa nimonia. Nilikuwa mdogo, nakumbuka tu watu wakisema ilianza kama mafua. Kwetu jina lake halitajwi.

Hivi karibuni nilikuwa natafuta kiberiti kwenye kabati la jikoni. Nyuma ya makopo nikakuta chupa ya antibayotiki ya maji, ile ya unga unaochanganywa ndipo mtoto anywe. Imebaki chini ya nusu, shingo ya chupa imegandiwa na utando wa pinki, na ubavuni kuna tarehe ya kuchanganywa iliyoandikwa kwa kalamu, ya miezi mingi nyuma. Ni dawa aliyoandikiwa mtoto alipoumwa sikio. Nilimuuliza mama, hakukana. Alisema mafua yakianza humpa kidogo, siku mbili tatu, na akishaona amechangamka anaacha. "Kwani huoni anapona?" Na kweli anapona. Kisha akaniomba nisimwambie mkamwana wake, "maana atasema namuua mjukuu wangu."

Nikanyamaza, na sasa nimebanwa. Nikimwambia mke wangu, hatamwachia mama mtoto hata saa moja, na mama atajua mdomo ni wangu. Nikikaa kimya, namficha mke wangu jambo la mwanawe. Na kusema kweli, Shangazi, hata sijui nani yuko sahihi. Mafua ya mfululizo namna hii ni kawaida, au kuna kitu hatukioni? Mama anamdhuru mtoto, au anamsaidia? Na nimwambie mke wangu?

Baba Aliye Katikati

*

Marahaba, mwanangu.

Nyumba yako ina watu watatu wanaomtazama mtoto mmoja, na kila mmoja anaona kitu chake. Mkeo anaona ugonjwa utakaopita. Mama yako anaona mwanzo wa msiba anaoujua. Wewe unawaona wao wawili, na kwa hofu ya kuwagombanisha umejikuta mtunza siri. Nitajaribu kwanza kuutenga ugonjwa na ugomvi, kwa sababu katika barua yako vimeshikana sana.

Umeandika kwamba mtoto hupewa dawa na "kweli anapona". Hapo naomba tusimame kidogo. Mafua ya kawaida huwa makali zaidi katika siku mbili tatu za mwanzo, kisha yanaanza kulegea yenyewe, na kwa wengi huisha ndani ya siku 7 hadi 10. Sasa tazama mama anavyofanya: anampa dawa mafua yakianza, anaiacha siku ya pili au ya tatu akiona amechangamka. Ni saa ile ile ambayo mtoto angechangamka bila kijiko hata kimoja. Jogoo naye akiwika, jua huchomoza. Simcheki mama yako. Mtu yeyote aliyeona jambo likitokea hivyo mara kwa mara angeamini kama yeye.

Mafua husababishwa na virusi, na antibayotiki huua bakteria. Virusi hivyo ni zaidi ya aina 200, na kundi linaloongoza, rinovirusi, peke yake lina aina zaidi ya 160. Mwili ukishapambana na moja, hiyo moja ndiyo unayoifahamu. Jirani yake bado ni mgeni. Ndiyo maana mtoto mdogo hupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka, na anayekaa na wenzake chekechea anaweza kuzidi hapo, wakati mtu mzima hupata mara mbili au tatu. Piga hesabu mwenyewe: mafua 8, kila moja wiki 2 ukijumlisha na mkia wa kikohozi, ni wiki 16. Karibu theluthi ya mwaka mtoto ana makamasi au kikohozi, na bado ni mtoto mzima wa afya. Kikohozi nacho hudumu wiki mbili hadi tatu bila kumaanisha kuna kitu kimekwama kifuani. Kama katikati ya mafua mawili anakula, anacheza, anaongezeka uzito, sioni katika barua yako dalili ya jambo lililojificha. Daktari akimtazama tena, lakini, hakuna hasara.

Rangi ya kijani inawatia watu wengi hofu. Inatoka kwenye chembe nyeupe za damu za mtoto mwenyewe, zile zinazokwenda puani kupigana. Zina kimeng'enya chenye madini ya chuma ambacho rangi yake ni ya kijani, na zikijaa kwenye makamasi yaliyokaa, rangi inaonekana. Kwa hiyo ukijani peke yake hautenganishi virusi na bakteria. Kinachobadilisha mambo ni mtoto aliyekuwa anapata nafuu halafu anageuka, homa inapanda upya, au makamasi yanazidi siku 10 bila dalili yoyote ya kupungua. Huyo apelekwe.

Soksi je? Uingereza, karibu na mji wa Salisbury, kuanzia 1946 kulikuwa na kituo kilichochunguza mafua kwa zaidi ya miaka 40, kikiwatumia watu wa kujitolea. Katika jaribio mojawapo watu waliogeshwa maji ya moto, wakasimamishwa wakiwa wamelowa kwenye ujia wenye upepo, kisha wakakaa na soksi mbichi miguuni. Waliopigwa baridi tu bila kutiwa virusi puani hawakupata mafua. Mafua ya mwanao yanatoka kwenye mikono ya wenzake, kwenye vitu vya kuchezea vinavyopita mdomo hadi mdomo, na kwenye chafya za karibu. Virusi vinaweza kukaa hai juu ya kitu kwa saa kadhaa. Kunawa kwa sabuni anaporudi nyumbani kunasaidia kuliko soksi, na kunamlinda bibi pia, maana umri ukisogea mafua hayamchukulii mtu kirahisi. Ila soksi hazimdhuru mtoto. Kama mkeo anatafuta jambo dogo la kumpa mkwewe ushindi, hilo hapo.

Sasa ile chupa. Antibayotiki ya unga ikishachanganywa na maji kwa kawaida hudumu siku 7 hadi 14 tu, kutegemea aina, na nyingine hutaka jokofu. Hiyo ya nyuma ya makopo ilishakufa zamani. Hata ingekuwa mpya, kumpa mtoto kidogo kidogo na kukatisha ndiyo njia ya kuwazoesha bakteria waliomo mwilini mwake kuikataa dawa. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alilisema hili kwenye hotuba yake ya Nobel mwaka 1945. Alitoa mfano wa bwana mmoja anayeumwa koo: ananunua penisilini, anakunywa kiasi kisichotosha kuwaua wadudu bali cha kuwafundisha tu, kisha anamwambukiza mke wake. Mke anapata nimonia, anapewa penisilini, haifanyi kazi, anafariki. Zaidi ya hayo, antibayotiki humharisha mtoto, humtoa vipele, na mara chache huleta mzio mkali. Kwa hiyo umeniuliza kama mama anamdhuru: hataki, na huenda mpaka leo hakuna kilichoharibika, lakini dawa hiyo haimsaidii, na hatari yake ipo kila anapoinywa.

Nirudi kwa mama mwenyewe, kwa sababu naona barua yako imempita haraka. "Atasema namuua mjukuu wangu." Maneno hayo yametoka kwa mwanamke aliyezika mtoto. Wewe umeyasikia kama ombi la siri. Mimi nasikia ndani yake swali ambalo pengine amekuwa akijiuliza miaka yote: je, yule mwingine angepona kama ningempa dawa mapema? Na hofu yake ina msingi. Nimonia huweza kuanza kama mafua. Tena dawa ambayo Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watoto wengi wenye nimonia ni antibayotiki ya kunywa, amoksisilini. Hakukosea kuamini kwamba dawa ya namna hiyo huokoa watoto. Ndiyo sababu inafaa itunzwe mpaka siku inayohitajika, ikiwa bado na nguvu.

Kuna kitu kingine ambacho hakikuwepo alipokuwa analea. Chanjo dhidi ya pneumokoka, bakteria anayeongoza kwa nimonia kali za watoto, ilianza kutumika kwa watoto wachanga mwaka 2000, na ya Hib, bakteria mwingine anayeleta nimonia, miaka kadhaa kabla yake. Chukua kadi ya kliniki ya mwanao, kaa na mama, muonyeshe sindano hizo zilipoandikwa. Kama hazipo, umepata kazi ya kufanya wiki hii.

Halafu mfundishe kuhesabu pumzi. Hili nalisisitiza, kwa sababu mtu mwenye hofu hatulizwi kwa kuambiwa "yatapita". Mtoto awe ametulia, halii, hanyonyi wala hali. Akiwa usingizini ni bora zaidi. Unainua fulana hadi kifuani, unashika saa, unatazama tumbo na kifua vinavyopanda na kushuka kwa dakika nzima, si nusu dakika ukazidisha mara mbili, maana watoto hawapumui kwa mpigo mmoja. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha pumzi 40 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka, na anatakiwa kuonwa siku hiyo hiyo. Kwa wa miezi 2 hadi 11 kipimo ni 50. Pua ikiwa imeziba, isafishe kwanza, uhesabu tena. Tazama pia chini ya mbavu: kama nyama inadidimia ndani kila anapovuta hewa, au anatoa mlio wa kukwaruza anapovuta hewa akiwa ametulia, usingoje asubuhi. Vivyo hivyo akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea hadi haamki vizuri.

Mkeo naye nina swali kwake, ingawa hakuniandikia. Anaposema "yatapita", je, daktari alimwambia pia lini kusubiri kunakoma? Mara nyingi tunabeba nusu ya kwanza ya ushauri tu. Na kwa macho ya mama yako, mtu anayesubiri bila kusema anasubiri nini hana tofauti na mtu asiyejali. Kumbe anafanya kazi kubwa: yale matone ya chumvi ni miongoni mwa mambo yanayompa nafuu mtoto wa umri huo. Kijiko cha asali kabla ya kulala hutuliza kikohozi, kwa kuwa ameshapita mwaka. Chini ya mwaka mmoja asali ni marufuku, huweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa sumu inayopoozesha misuli. Dawa za kikohozi na mafua za madukani ziwekeni kando, kwa watoto wadogo hazina faida iliyothibitika na madhara zinayo. Baadhi yake zimeshachanganywa na parasetamoli, nanyi mkiongeza nyingine juu yake mmempa dozi mbili bila kujua. Aspirini asipewe kabisa. Kujifukiza kwa maji yanayochemka kumeunguza watoto wengi, achaneni nako.

Nije kwenye siri.

Unaweza kuanza na mama peke yake: umwambie umesoma, umeuliza, chupa inaondoka leo, na ungependa yeye mwenyewe amwambie mkamwana wake kabla hujasema wewe. Njia hii inamwachia heshima yake. Hatari yake ni kwamba anaweza kuahidi, akanyamaza, akanunua nyingine, na wewe sasa siri yako itakuwa imezeeka zaidi.

Unaweza kuanza na mkeo. Ana haki ya kujua kinachoingia kinywani mwa mwanawe, na akija kuligundua mwenyewe, kama wewe ulivyoikuta chupa, huenda kitakachomuuma zaidi ni kwamba ulijua. Hapa hatari ni moto unaouogopa. Lakini hebu jiulize: una hakika kiasi gani kwamba atamkatia mama yako mtoto? Umesema analijua juu juu tu lile la mdogo wako. Huenda akilisikia vizuri, kwa kinywa chako, hasira yake ikachukua sura nyingine. Huenda pia isibadilike. Wewe ndiye unayemjua.

Au uwapeleke wote wawili kwa daktari, mafua yanayofuata yakija, au hata kabla. Mama aingie ndani, asiachwe kwenye benchi nje, aulize mwenyewe yanayomsumbua. Neno la mtaalamu wakati mwingine hupita mahali ambapo la mkwe haliwezi. Ila akihisi ameletwa kushtakiwa mbele ya mkamwana wake, utakuwa umempoteza siku hiyo, kwa hiyo pengine inabidi umweleze kabla ya kutoka nyumbani.

Kunyamaza nako ni njia, na sitajifanya siioni. Mama akiacha kweli, mambo yanaweza kupoa yenyewe. Lakini fikiria mtoto akizidiwa kweli usiku mmoja, mkeo yuko mbele ya daktari, anaulizwa: "Amepewa dawa gani?" Atajibu "parasetamoli tu", kwa moyo safi kabisa, na daktari atafanya uamuzi kwa jibu hilo. Njia yoyote utakayochagua, hakikisha swali hilo likiulizwa leo usiku, kuna mtu mwenye jibu kamili chumbani.

Kuhusu nani aanze kuambiwa na kwa maneno gani, sikuchagulii. Ningependa tu, kabla ya mazungumzo yoyote ya chupa, umuulize mama kuhusu mdogo wako: alikuwa anaitwaje hasa nyumbani, aliumwaje, nani alimpeleka hospitali. Usimuulize ili umshinde kwenye hoja. Wewe ni kaka wa marehemu, nawe una haki ya kuyajua hayo.

Chupa ipeleke kwenye duka la dawa uwaulize namna ya kuitupa, usiimwage kwenye sinki. Na kama kikohozi kitavuka wiki nne, au ukisikia usingizini pumzi yake inakatika kisha anaivuta kwa kushtuka, au ukiona uzito unapungua badala ya kupanda, hayo si ya kuniandikia mimi. Mpeleke, na umweleze daktari kila alichokunywa.